Aliyefungua Vidokezo Baada ya Kupata

Kidokezo kizuri ni kifupi. Haya ninayoandika si mafupi, kwa hiyo msiyachukue kama mfano wa kazi. Yachukueni kama maneno ya mama mtu mzima ambaye amestaafu mara mbili na hana haraka ya kwenda popote. Nyinyi vijana mliochukua viti vyetu pale ofisini Tunduma, mnaotunga vidokezo vya maswali ya hesabu ambayo watoto wa mkoa huu wanayafanya nyumbani kwa simu, mmesema mnataka mbinu. Mbinu ninazo, ila zimechanganyika na watu, na nikizitenganisha nao sitajua tena nilichotaka kusema.

Mnaniita Madam, kama nilivyoitwa darasani maisha yangu yote. Nilipostaafu mara ya kwanza nilidhani nitalima maharage na kulala mchana. Akaja Kelvini. Nyinyi mnamjua kama bosi wenu. Mimi namjua kama mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa anatafuna chaki. Alinikuta uani nachambua maharage, akaniamkia, akageuza ndoo akaikalia, akaanza kunieleza habari za mfumo. Maswali wanayo, majibu wanayo. Mtoto akikosa, mfumo unamwambia amekosa, basi. Sasa wanataka umsaidie: akikosa hivi umpe neno hili, akikosa vile umpe lile, na kadiri anavyoendelea umzoee, umpandishe au umshushe kulingana na nguvu zake. Nikamuuliza, sasa mimi wa nini hapo, mbona hata kuwasha hiyo kompyuta sijui. Akasema wa kuwasha kompyuta wapo wengi. Wanayemkosa ni mtu anayejua watoto wanavyokosea.

Hapo nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Kama kuna kitu nimekisoma kuliko Biblia, ni makosa ya watoto kwenye hesabu.

Chukueni swali dogo tu: mbili mara mabano, x jumlisha tatu, funga mabano, sawasawa na kumi na nne. Jibu ni nne. Anayejibu tano na nusu amezidisha x peke yake, ile tatu akaiacha bila kuigusa. Anayejibu kumi amefungua mabano vizuri kabisa, ila alipohamisha sita kwenda upande wa pili akasahau kuibadilisha alama. Hao ni wagonjwa wawili wa magonjwa mawili, na mfumo wa Kelvini ulikuwa unawapa panado ileile. Ilikuwa imeandikwa: "Soma swali tena kwa makini." Nilipoiona hiyo nilikasirika kweli. Mtoto aliyekosa ameshalisoma swali, na amelisoma kwa wasiwasi kuliko wewe uliyelitunga. Kazi yangu ya kwanza pale ofisini ilikuwa kufuta sentensi hiyo kila ilipojificha, na mkiirudisha nitajua.

Ngazi tatu mnazozikuta kwenye mfumo hazikutoka kwenye kitabu. Zilitoka Ruanda, kule Mbozi, kwenye shule yangu ya kwanza, kwa marehemu Mwalimu Haonga. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, naongea darasani kama redio. Yeye alikuwa mkongwe na alikuwa haongei. Alipita kati ya madawati mikono ameiweka nyuma, akifika kwa mtoto aliyekwama anaweka nukta ya chaki pembeni ya mstari ule ambapo mambo yalianza kuharibika, anaondoka. Mtoto anabaki anaikodolea macho ile nukta. Wengi walijirekebisha wenyewe hapohapo. Akirudi akakuta bado, anauliza swali moja tu, kwamba hapa ulikuwa unataka kufanya nini. Akirudi tena akakuta bado, anamfanyia ubaoni hesabu nyingine inayofanana na ile, halafu anamwachia yake amalizie mwenyewe.

Kwa hiyo ngazi ya kwanza ni nukta: mwonyeshe mahali, usimwambie kitu. Ya pili ni swali. Ya tatu ni hesabu nyingine ya jamii ileile. Nilimuuliza Mwalimu Haonga kwa nini hawaambii tu jibu yakaisha. Akasema akianza kuwaambia atachoka yeye, na wao hawatachoka kuuliza. Alisema hivyo kwa hasira kidogo, maana alikuwa anakula na hakupenda kusumbuliwa akila.

Sisi tuliiga ngazi zake, lakini simu si Mwalimu Haonga. Simu haina macho makali. Watoto waligundua mapema kwamba ukibonyeza, ukabonyeza, ukabonyeza, unafika ngazi ya tatu bila kuandika hata namba moja. Kelvini aliita tabia hiyo kukamua. Tukaweka muda wa kusubiri kati ya kidokezo na kidokezo. Watoto wakawa wanaweka simu chini, wanaenda kuchota maji, wanarudi kuendelea kukamua. Mama mmoja alinishukuru njiani kwamba tangu mfumo ule uingie nyumbani kwake ndoo zinajaa mapema. Mwisho tukaweka sharti: kidokezo cha pili hakifunguki mpaka mtoto ajaribu hatua moja, hata kama ni ya uongo. Hatua ya uongo tunaweza kuisoma. Ukimya hatuwezi.

Jambo jingine, kabla sijafika ninakokwenda. Mtoto wa Ndalambo ameanza na Kinamwanga nyumbani, Kiswahili amekikuta shuleni, na alipofika sekondari hesabu ikamjia kwa Kiingereza. Amebeba mizigo mitatu kabla hajaiona hata x. Ndiyo maana niligombana na wenzangu hadi vidokezo vikaandikwa kwa Kiswahili chepesi, sentensi fupi, kitenzi kimoja. Kabla hamjakipitisha kidokezo, kisomeni kwa sauti mbele ya mtu anayepika. Akigeuka kuuliza umesemaje, kifuteni.

Na usiamini upesi kwamba mtoto amekosa. Kulikuwa na swali moja la kidato cha kwanza: lori linatoka Nakonde saa mbili asubuhi, linafika Vwawa saa tano, limetumia muda gani. Jibu la mfumo lilikuwa saa tatu. Mkoa mzima walijibu saa tatu, isipokuwa watoto wa Tunduma mjini, ambao walijibu saa mbili. Mfumo ukawaona hawajui kutoa. Ukawapa nukta, ukawapa swali, ukawashusha, mwisho mtoto ambaye mama yake anavuka kila siku kwenda kuuza mchele upande wa pili akawa anafundishwa tano kutoa mbili kwa picha za maembe. Mimi mwenyewe nakaa hapahapa mpakani, navuka kila nikitaka sukari, na sikuona kitu. Ni jirani yangu, muuza vitenge, aliyecheka nilipomsimulia. Saa mbili ya Nakonde, kule Zambia, akasema, kwetu ni saa tatu. Hao watoto wamegeuza saa kwanza, ndipo wakatoa. Tulibadilisha kidokezo kikawa swali: "Saa ya kutoka na ya kufika umezisoma kwa saa ya wapi?" Nimeandika vidokezo vingi, na hicho bado nakipenda.

Sasa nije kwa Atupele, ambaye ndiye hasa sababu ya mimi kukaa chini kuandika.

Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili kule Itumba, Ileje. Sikuwa namjua. Niliona akaunti yake tu. Siku hiyo Kelvini aliniita kwenye meza yake, uso umemkunjamana. Alinionyesha kwamba akaunti hiyo mchana inahangaika. Inafungua nukta, inafungua swali, inafungua hesabu ya mfano, bado inakosa. Jioni akaunti ileile inalirudia swali lilelile na kulipata kwa mara ya kwanza, safi, hatua zote zimepangwa. Imekuwa hivyo muhula mzima. Kelvini alisema mambo yako wazi, kuna mtu anamfanyia.

Taratibu za wakati ule mnazijua. Akaunti inayotumiwa na mtu mwingine inafungwa na shule inaarifiwa. Shule nayo ingemwadhibu, na zaidi ya hapo, pale Itumba walikuwa wameamua kwamba kazi hizi za nyumbani zitasaidia kuchagua watakaoingia mchepuo wa sayansi kidato cha tatu. Atupele alama zake zilikuwa juu. Ikionekana ni za wizi, sayansi hana, na jina la udanganyifu lingemfuata mpaka amalize shule.

Nilimwambia Kelvini asifunge kwanza. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho yeye alikipita haraka. Akaunti hiyo jioni, baada ya kupata jibu, ilikuwa inarudi nyuma na kufungua vidokezo vyote, kimoja baada ya kingine, taratibu, inakaa kwenye kila kimoja kama mtu anayesoma barua. Nimekamata wanafunzi wengi wanaonakili. Anayenakili ana haraka, anataka kumaliza akacheze. Hajawahi kutokea mmoja aliyemaliza kunakili halafu akakaa kusoma maelezo. Kelvini akasema labda ni hitilafu ya mfumo. Nikamwambia basi twende tukaione hiyo hitilafu inakaa nyumba gani. Alikubali kunisindikiza, na nadhani alikubali kwa sababu alitaka nishuhudie kwa macho yangu kwamba yeye ndiye yuko sahihi.

Itumba kulikuwa na ukungu na baridi ya kwao, na Kelvini alikuja na fulana yake ya mjini. Mwalimu wa hesabu, Mwalimu Kibona, alitupa chumba cha kutunzia vitabu, akamwita Atupele, akatuacha akaenda kufundisha. Akaingia binti mdogo, sweta imemzidi mikono, akapiga goti kidogo kutuamkia. Kelvini hakungoja. Akamuuliza nani anamfanyia kazi zake. Atupele akasema hakuna. Nikampa kwenye karatasi swali moja kati ya yale yaliyofanywa jioni. Alilishughulikia kwa muda mrefu, na akalikosa. Nikampa lililo chini kidogo ya hapo. Akalipata vizuri, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Nikaelewa kwamba si mtoto dhaifu hata kidogo. Ni mtoto wa wastani ambaye kila siku mfumo unambebesha gunia la mtu mwingine.

Kelvini akamuuliza, basi yale ya jioni ni ya nani.

"Ni mimi," akasema.

Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Hakulia, alikaza tu macho kwenye rafu ya vitabu. Nikamwona Kelvini anaanza kupandisha sauti, nikamgusa mkono. Nilikuwa nimegundua kwamba tunafanya kile tulichokifuta kwenye mfumo. Tunamwambia mtoto asome swali tena kwa makini.

Nikaanza upya kutoka chini. Nilimuuliza simu anayotumia ni ya nani. Ya mama. Mama yuko wapi saa hizo za mchana? Shambani. Anarudi saa ngapi? Giza likianza. Haya, wewe ukishamaliza kazi zako, na mama hajarudi, simu unaiacha wapi?

"Nampa dada anishikie."

"Na dada akishaishika anafanya nini?"

Aliangalia mikono yake. "Anasoma," akasema.

Kwao hapakuwa mbali na shule. Tulimkuta dada yake, Subilaga, uani akipukuchua mahindi, mtoto mgongoni. Alipotuona tumeongozana na mdogo wake aliyevaa sare saa za masomo, alisimama, na kabla hatujasema lolote akasema mdogo wake hana kosa, kosa ni lake. Nilimwomba akae. Akatueleza bila kuzunguka. Alikuwa kidato cha pili alipopata ujauzito, akaacha shule. Anajua kwamba siku hizi kurudi kunaruhusiwa, lakini aliona haya kwenda kukaa darasa moja na mdogo wake. Alichokitaka ni kufanya mtihani wa maarifa, ule wanaofanya watu walio nje ya shule ili waweze kuendelea. Wa kumfundisha hakuwa naye. Jioni moja alishika simu ya mama akaona swali lililomshinda Atupele, akajaribu, likakubali. Kesho yake akajaribu jingine. Alidhani anajifurahisha tu. Hakujua kwamba kuna kitu upande wa pili kinahesabu.

Kelvini ndiye aliyemfafanulia, na nitamsifu kwa hili, alifafanua kwa upole. Alimwambia mfumo haujui kwamba ninyi ni wawili. Unamwona mtoto mmoja ambaye jioni ni hodari. Kwa hiyo kesho yake unampa yule wa mchana maswali mazito zaidi, halafu ukimwona ameshindwa unashangaa, jioni unamwona tena hodari, unazidi kupandisha.

Subilaga alimgeukia mdogo wake. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unalia na simu," akasema. Kisha akamuuliza: "Kwa nini hukuniambia yanakushinda?"

"Ungeacha," Atupele akasema.

Nimefundisha watoto wengi na nimesikia majibu mengi, mengine ya kuchekesha na mengine ya kuudhi. Hilo lilinichoma. Mtoto yule aliyaona maswali yanazidi kuwa magumu, na alijua chanzo, na alikaa nayo muhula mzima akikosa kila mchana ili dada yake apate cha kufanya jioni. Nilisogea hadi kwenye uzio nikajifanya naangalia migomba yao. Kelvini naye alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

Ikabaki kuamua. Kelvini alisema anaweza kufungua akaunti mpya ya Subilaga hapohapo, lakini akaunti mpya inaanzia chini kabisa, kwenye kujumlisha na kutoa, mpaka mfumo umzoee. Subilaga akauliza kama hayo yote aliyofanya yatakuwa yamepotea. Kelvini akasema hayatapotea, yatabaki kwenye akaunti ya Atupele, ila mfumo utakuwa haumjui yeye. Subilaga akasema sawa, kwa sauti ya chini.

"Hiyo mpya nichukue mimi," Atupele akasema. "Dada abaki na hii."

Kelvini akamweleza kwamba akifanya hivyo anapoteza alama zake zote, zile ambazo shule itaziangalia kwa ajili ya sayansi. Alimweleza mara mbili, akihakikisha ameelewa. Atupele akasema ameelewa, na kwamba alama hizo si zake. Kelvini akabadilisha jina palepale uani. Baadaye alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Kibona kueleza kwamba kosa ni la mfumo wetu, uliodhani kila simu ina mtoto mmoja. Na hapo ndipo lilipozaliwa lile swali mnaloliona kila mfumo unapofunguka, "Nani anatumia simu sasa hivi?", na majina ya watu wote wa nyumba hiyo yanafuata chini yake. Nimesikia baadhi yenu mnataka kuliondoa kwa kuwa linachelewesha. Ndiyo maana nimeandika. Msiliondoe, nawaomba.

Nisiwaache na hamu ya kujua yaliyofuata. Subilaga aliufanya mtihani wa maarifa akafaulu. Atupele alikosa sayansi, kwa kuwa akaunti mpya haikuwahi kupanda upesi kiasi kile, akaenda mchepuo wa biashara. Anasema hajuti. Mimi namjutia kidogo, na nimemwambia.

Lakini kuna jambo la siku ileile ambalo sijalisema. Kabla hatujaondoka nilimuuliza Subilaga lile lililonitoa Tunduma: kwa nini alikuwa anafungua vidokezo wakati jibu ameshalipata. Akasema mara nyingi anapata jibu bila kuwa na hakika kama njia ndiyo yenyewe, na pale nyumbani hakuna wa kumwambia. Kwa hiyo anavisoma vyote, na akivisoma anasikia kama kuna mtu amekaa pembeni yake anaongea naye. Vyote amevifuata, akasema, isipokuwa kimoja kilichomshinda.

Nikamuuliza ni kipi. Nilidhani atataja kitu cha jiometri.

"Kile cha mwisho kabisa," akasema. "Kila swali kipo. Kinasema, muulize mwalimu wako kesho darasani."

Kidokezo hicho tulikiweka chini ya maswali yote, kwa ajili ya mtoto aliyemaliza ngazi zote tatu bila mafanikio. Tulikiona ni cha heshima kwa walimu, na kusema kweli kilituokolea kazi. Nilikuwa nimekipita mara nyingi sana bila kufikiria kwamba kuna mtu anakisoma ambaye kesho hana darasa. Niliumia. Kelvini alikuwa ameinama anaangalia simu yake, na simu ilikuwa imezimika.

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Kesho ndiyo leo," nikamwambia. "Mimi ni mwalimu. Uliza."

Alitabasamu akidhani natania. Alipoona nimekaa kweli, alifungua kanga akamkabidhi Atupele mtoto, akajifuta vumbi la mahindi mikononi, akakaa chini mbele yangu.

"Tano yenye kipeo sifuri," akasema. "Mmeandika, kumbuka kwamba namba yenye kipeo sifuri ni moja. Kila nikifika hapo naambiwa nikumbuke. Lakini walipofundisha hiyo mimi nilikuwa nimeshaondoka shule. Sasa nikumbuke nini, Madam?"

Nilichota punje kwenye ungo wake. Nikamhesabia ishirini na tano, nikamwambia hii ni tano yenye kipeo mbili, zigawe mafungu matano yaliyo sawa, ubaki na fungu moja. Akagawa, akabaki na punje tano. Nikamuuliza hizo ni tano yenye kipeo ngapi. Akasema moja. Nikamuuliza kipeo kiliposhuka kutoka mbili kwenda moja tulifanya nini. Akasema tuligawa kwa tano.

"Haya, kishushe tena," nikamwambia.

Barabarani gari la kwenda Mpemba, lile la kuturudisha njia ya Tunduma, lilipiga honi. Kelvini aliinuka, akaniangalia, akakaa tena. Subilaga alizitenga zile punje tano, moja moja, akaokota ya mwanzo akaiweka kiganjani. Aliiangalia kwa muda.

"Kumbe hakuna cha kukumbuka," akasema.